Mgono Unatazama Wapi

Ukitaka kujua samaki wa mto Malagarasi wanaelekea wapi, anza kwa kutazama mdomo wa mgono, ule mtego wa fito. Mvua zinapoanza, maji yakapanda na kugeuka rangi ya udongo, mvuvi hutega mgono wake mdomo ukielekea upande mto unakokwenda, kwa kuwa wakati huo samaki wanapanda. Mvua zikikatika na mbuga kuanza kukauka huugeuza, maana wanaoshuka sasa ni wazazi waliokwisha kutaga, pamoja na watoto walionenepa kwenye majani yaliyofurika. Fito za mdomoni zimesukwa kuingia ndani hadi zikafanya koo jembamba, na samaki akishapita koo hilo hapati njia ya kurudi. Nafasi kati ya ufito na ufito huamua nani abaki na nani apite. Aliyesuka mgono mzuri amejibu maswali matatu kabla hajaingia majini: samaki gani, wa ukubwa gani, na anatoka wapi kwenda wapi.

Maswali hayohayo ndiyo kazi nzima ya wanaofuatilia uhamaji wa samaki mitoni, na heshima yangu kwa kazi yao huongezeka kila ninapoielewa zaidi. Hata vifaa vinafanana. Mtafiti hutega nyavu mbili zenye koo ubavu kwa ubavu, moja ikitazama juu na nyingine ikitazama chini. Huzitega na kuziopoa saa zilezile, kisha hulinganisha. Wavu mmoja ukijaa na mwenzake ukabaki na wachache, amejua safari ya usiku ule ilikuwa ya kupanda au ya kushuka. Zikilingana, huenda samaki walikuwa wakizungukazunguka tu kutafuta chakula, na hilo nalo huandikwa.

Nyanda za juu za Kigoma ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hili. Vijito vya Murungu na vijiji jirani katika wilaya za Kibondo na Kasulu huishia Malagarasi, mto unaoanzia karibu na mpaka wa Burundi, ukateremka hadi kwenye mabwawa makubwa ya mafunjo na matete, kisha ukageukia magharibi kupita Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Mabwawa hayo, Malagarasi na Muyovozi, yaliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, yakawa ya kwanza Tanzania, na eneo lake linazidi kilomita za mraba 32,000. Mto wenyewe ni mkongwe kuliko ziwa unalomwagia maji. Ulikuwapo kabla bonde la ufa halijapasuka na kuutenga na Kongo, ndiyo maana hadi leo una samaki ambao ndugu zao wako ng'ambo ya ziwa, kwenye mito ya Kongo. Yumo hata bunju mkubwa wa maji baridi, Tetraodon mbu.

Katika mto wa namna hii mvua ni kalenda. Maji yakitanda mbugani, majani yaliyozama huoza, wadudu huzaana, na mtoto wa samaki hupata chakula na mahali pa kujificha ambapo mto wenyewe haumpi. Kambale hulijua hilo. Mvua kubwa za kwanza zikinyesha huingia kwenye maji yasiyofika hata gotini ili kutaga, na kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa, anaweza kujiburuta usiku juu ya nyasi zilizolowa kutoka dimbwi hadi dimbwi. Wengine hawana uwezo huo. Yuko samaki wa Ziwa Tanganyika, Labeobarbus tropidolepis, anayeacha maji mapana ya ziwa na kupanda mito kwenda kutaga. Kwake mto uliofungwa ni mazalia yaliyofungwa.

Jambo hilo lilikwisha kutokea karibu nasi. Ningu wa Ziwa Viktoria, Labeo victorianus, alipanda Nzoia, Kagera na mito mingine kila ilipofurika, akataga kwenye majani ya kingo zilizozama. Nyavu za makila zikatandazwa midomoni mwa mito, mahali ambapo samaki wote hulazimika kupita, tena wakiwa wamejaa mayai. Mtafiti Whitehead alichapisha mwaka 1959 utafiti wake kuhusu samaki wa ziwa hilo wanaopanda mito, na mwaka 1965 Cadwalladr akaandika kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu. Nawashukuru watu hawa. Bila wao, tungebaki na wazee wanaosimulia kwamba zamani samaki walikuwa wengi, na vijana wasioamini.

Sasa tuisogelee kazi yenyewe. Samaki akitolewa wavuni huwekwa kwenye beseni la maji ya mto, kivulini. Anayepima hulowanisha mikono kwanza, maana kiganja kikavu huondoa ule utelezi unaomkinga samaki na maradhi. Ubao wa kupimia nao humwagiwa maji. Samaki hulazwa pua ikigusa kizuizi cha ubao, na kama mkia wake una panda, urefu husomwa pale kwenye panda, kwa sababu ncha za mkia huchakaa na kudanganya. Kambale, mwenye mkia wa mviringo, hupimwa hadi mwisho. Kisha kidole gumba hupita tumboni taratibu kuelekea mkiani. Yakitoka mayai, au yale maji meupe ya dume, samaki yuko tayari kuzaa. Tumbo likiwa legelege na limesinyaa, amekwisha kutaga. Anayepima hutaja, anayeandika hurudia kwa sauti kabla ya kuandika, na huandika kwa penseli, kwa sababu wino hauvumilii mvua. Mikono iliyozoea humaliza yote haya samaki akiwa bado na nguvu za kupiga mkia.

Kinachonivutia zaidi ni sifuri. Usiku ambao wavu umetoka mtupu, mtafiti mzuri huandika sifuri, na usiku ambao wavu ulisombwa na maji huacha nafasi wazi na kueleza sababu. Vitu hivi viwili havifanani hata kidogo. Sifuri inasema nilikuwapo na samaki hawakupita. Nafasi wazi inasema sijui. Daftari linalochanganya hayo halina thamani, hata likiwa na kurasa mia. Kando ya daftari hilo lazima liwepo jingine, la kina cha maji. Mtu wa kijijini aliyepewa kazi ya kusoma ubao wa vipimo uliosimikwa mtoni huteremka asubuhi na kurudi jioni, siku ya mvua na siku ya jua, akiandika tarakimu ambazo kwa mwezi mzima huenda zisibadilike. Hasifiwi na mtu. Lakini ni tarakimu zake zitakazoonyesha kama samaki walianza kupanda maji yalipokuwa yanajaa au yalipofika kilele, na bila jibu hilo hakuna mhandisi anayeweza kusema njia ya samaki kwenye bwawa iwe na maji kiasi gani, na lini.

Zipo mbinu mpya pia. Chombo kidogo cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi, kama punje ya mchele, huingizwa mwilini mwa samaki. Hakina betri. Samaki akipita kwenye antena iliyozungushwa mtoni, chombo huamka kwa nguvu ya antena na kutoa namba yake, kisha hulala tena. Hapo samaki huacha kuwa idadi, anakuwa huyu hapa, aliyepita chini saa mbili usiku na kuonekana juu siku ya tatu. Wengine husoma jiwe dogo la sikio la samaki aliyekufa, ambalo hukua tabaka kwa tabaka na kutunza ndani yake dalili za maji aliyoishi.

Kwa ujuzi huo ndipo hujengwa njia ya samaki penye ukuta wa bwawa. Mbelgiji Denil alibuni mwaka 1909 mfereji wenye vibao vinavyovunja kasi ya maji, na unaitwa kwa jina lake hadi leo. Bwawa la Bonneville, kwenye mto Columbia nchini Marekani, lilifunguliwa mwaka 1937 likiwa na ngazi za samaki, na samaki wanaopanda huhesabiwa dirishani mmoja mmoja. Ni kazi ya kusifiwa, ila ilifanywa kwa ajili ya samoni, samaki mwenye nguvu anayeruka. Kambale hutambaa chini na harukii kitu. Kwake na kwa samaki wadogo, tofauti ya kimo kati ya dimbwi na dimbwi la ngazi lazima iwe ndogo, na sakafu iwe ya mawe yenye kukwaruza, ili chini pawe na maji ya polepole. Mlango ndio mgumu zaidi. Samaki hufuata mkondo wenye nguvu, na mkondo wenye nguvu unatoka kwenye mitambo ya umeme. Mlango ukiwa mbali na hapo, ngazi nzuri itabaki bila mgeni. Na huko Brazili, watafiti Pelicice na Agostinho walionya mwaka 2008 kwamba ngazi inaweza hata kuwa mtego, ikiwapandisha samaki kwenye bwawa lisilo na mazalia wala njia ya kurudi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye maporomoko ya Igamba ya mto Malagarasi, wilayani Uvinza. Mkataba wa mwaka 2008 kati ya Tanzania na shirika la Marekani la Changamoto za Milenia ulikuwa na mradi wa umeme kwenye maporomoko hayo, na mradi huo ukaachwa baada ya uchunguzi wa mazingira kuonyesha uwepo wa viumbe adimu. Mwaka 2011 John Friel na Thomas Vigliotta walitangaza spishi tatu mpya za kambale wadogo wenye mdomo wa kunyonya, kutoka Malagarasi ya chini na mto Luiche. Mmoja aliitwa Chiloglanis igamba. Mwingine, Chiloglanis kazumbei, alipewa jina la George Kazumbe, Mtanzania wa Kigoma mwenye uzoefu mrefu wa kuwatafuta samaki wa eneo hilo. Nimefurahi kwamba jina lake limo humo. Orodha za sayansi zimejaa majina ya waliopokea samaki ndani ya chupa, na machache ya waliojua wapi pa kuingiza mkono.

Samaki hawa hung'ang'ania mawe kwa midomo katikati ya maji yaendayo kasi. Ngazi haiwasaidii kitu. Wanachohitaji ni kwamba maji yaendelee kupita juu ya mawe yao, yasielekezwe yote kwenye bomba la mitambo. Tena maporomoko ni ukuta wa mto wenyewe, na anayejenga ngazi hapo anaweza kuchanganya samaki ambao mto umewatenga kwa muda mrefu. Sasa kuna mradi mkubwa zaidi, wa megawati 49.5, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2020. Umeme unahitajika Kigoma, sina ubishi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mto ubakiziwe maji ya uhai wake. Kiasi gani, na mwezi upi, ni swali la daftari na penseli, na daftari hilo lazima lianze kabla ya zege, kwa sababu hesabu ya baada ya ukuta haina cha kulinganishwa nacho.

Juu huku Kibondo na Kasulu kuta ni ndogo na hazina wa kuzitangaza. Barabara ikivuka kijito huwekwa kalavati. Maji yanayotoka kwenye bomba huchimba shimo mbele yake, baada ya misimu michache mdomo wa bomba unaning'inia juu ya maji, na kimo cha sentimita 30 kinatosha kumzuia kabisa samaki wa urefu wa kidole. Tiba yake si ghali. Bomba liwe pana karibu sawa na kijito, lizikwe chini ya kitanda cha mto angalau sehemu moja ya tano ya kimo chake, ili changarawe itulie ndani na maji yasikimbie. Palipokwisha kuharibika, mawe yapangwe chini ya mdomo hadi maji ya nje yapande yalingane na bomba. Ningependa kumwona afisa uvuvi wa wilaya na mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wakipita pamoja kijito kwa kijito wakati wa kiangazi, futi ya chuma mkononi, wakiandika kila kalavati linaloning'inia na kimo chake, na wakianza na yale yaliyo karibu zaidi na mbuga.