Ayubu na Mali Kauli

Katika ibada za ushuhuda, sisi tunaosali Mchafukoge tumezoea kumsoma Ayubu kuanzia mwisho. Mtu husimama, akasema kwamba aliugua au alifiwa, kisha kwa haraka anafika sura ya 42: Bwana amemrudishia maradufu. Kanisa linaitikia Amina, kwaya inaingia. Wale ambao bado hawajarudishiwa kitu wanabaki kwenye viti vyao wakipiga makofi pamoja na wenzao. Tunaandika kwa ajili yao, kwa sababu tunaona sura ile haisemi yote tunayoisemea.

Tuanze na hesabu, maana tunaishi jirani na Kariakoo na hesabu tunaijua. Katika sura ya 1 Ayubu ana kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Katika sura ya 42 ana kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe na punda 1,000. Kila mnyama amezidishwa mara mbili. Watoto je? Mwanzoni wana saba na binti watatu. Mwishoni wana saba na binti watatu. Mwandishi aliyezidisha mifugo kwa uangalifu kiasi hicho hakusahau kuzidisha watoto. Wapo wahubiri wanaoeleza kwamba kumi wa kwanza wako kwa Bwana, kwa hiyo jumla ni ishirini na maradufu imetimia. Maelezo hayo yanafariji, nasi hatumnyang'anyi mtu faraja yake, lakini yanaziba pengo ambalo kitabu chenyewe kimeliacha wazi. Kwa mujibu wa kitabu, ngamia hulipika kwa ngamia. Juu ya mtoto kimenyamaza.

Tunasahau pia kwamba Ayubu hakuwa kijana. Sura ya 1 inasema wanawe walikuwa na nyumba zao, wakialikana kwa zamu. Huyu ni mtu wa makamo, mwenye watoto waliokwisha kujitegemea, ambaye anatakiwa kuanza upya wakati wenzake wanavuna. Watu wa namna hiyo tunawajua. Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, lile jengo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na waliopoteza bidhaa zao hawakuwa vijana watupu. Wapo wengine ambao moto wao haukuonekana na mtu: mama wa miaka hamsini na ushee aliyezika mume, kisha akaanza safari za mionzi Ocean Road, na aliporudi mtaani baada ya mwaka mzima meza yake ina mtu mwingine.

Mama huyo tukimwombea huwa tunamwambia ajiamini, asimame imara. Ni neno jema, ila soko linajua jambo ambalo mimbari haijalitamka. Kariakoo kuna mali kauli: mwenye duka la jumla anakupa mzigo bila fedha, unauza, unarudisha. Dhamana yako ni neno lako tu. Sasa mama aliyekuwa akichukua marobota ya vitenge kwa mali kauli anarudi akiwa amekonda, kitambaa kichwani, na mwenye duka anamwambia kwa upole kabisa, "Subiri kwanza mama, upate nguvu." Hajamtukana. Amemhurumia, na huruma hiyo ndiyo inayomkata miguu. Neno lake halichukui mzigo tena. Kumwambia mtu kama huyo ajiamini, ilhali hakuna anayemwamini, ni kumtuma sokoni bila mtaji.

Tukiwa na hilo akilini, tuusome mstari wa 11 wa sura ya 42, ambao wasomaji wetu wengi huuruka wakikimbilia kondoo. Unaeleza kwamba ndugu zake wote, dada zake na wote waliomjua zamani walimjia nyumbani, wakala chakula pamoja naye, wakamfariji, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Hawa ndio waliompa kisogo katika sura ya 19, anapolalamika kwamba ndugu wamejitenga naye na rafiki wamemsahau. Wanarudi, wanatia mkono katika chakula cha mtu ambaye ngozi yake iliwatisha, halafu wanamkabidhi mali. Mtu atatujibu kwamba mstari wa 10 unatangulia, nao unasema ni Bwana aliyemrudishia. Ni kweli, na hatubishani nao. Lakini orodha ya mifugo inakuja mstari wa 12, baada ya mchango. Sisi tunaamini mkono wa Bwana ulipita katika mikono ile yenye pete.

Katika Kiswahili tunacho kitabu kimoja ambacho tungependa washarika wakisome sambamba na Ayubu. Ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert. Alikuwa Mwislamu wa Tanga, aliyesoma hapa Dar es Salaam, shule ya Msimbazi, kati ya 1922 na 1926. Akiwa mtumishi wa serikali alifiwa na mkewe Amina, akabaki na watoto. Alimwandikia marehemu shairi la maombolezo, kisha akawatungia watoto tenzi mbili: Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Kwa maoni yetu shairi la Amina linazipita mbali tenzi zote mbili, ambazo mahali pengine ni orodha ya mausia na msomaji anaweza kuchoka. Hata hivyo msomaji aliyefiwa ataona ndani yake kitu ambacho shairi halina: mjane wa kiume anayeendelea kusema kwa sababu wapo wawili wanaolihitaji neno lake. Watoto wale walimpa mali kauli.

Kwa hiyo tunauliza kama ibada ya ushuhuda haiwezi kumpa nafasi pia mtu aliye katikati ya safari, asiye na sura ya 42 ya kusimulia. Na jumuiya inayomtembelea aliyetoka hospitali, ikishaomba na kunywa chai, imkabidhi kazi: ashike daftari la michango, awe kijumbe wa mchezo, afundishe kwaya sauti ya pili. Akatae mwenyewe kama hawezi. Tusimkatalie sisi kwa niaba yake.

Kuna mmoja kitabu hiki kinamwacha, na hapo tunakilaumu kitabu pamoja na sisi wasomaji wake. Mke wa Ayubu alipoteza watoto haohao kumi na mali hiyohiyo, akaishi na mume mgonjwa. Tunamkumbuka kwa sentensi moja ya uchungu katika sura ya 2, na mahubiri mengi yamemhukumu kwayo. Katika sura ya 42 hatajwi kabisa; hatuambiwi hata kama ndiye aliyewazaa wale kumi wa pili. Ndugu walipokuja na fedha na pete, walimpa Ayubu. Yeye, tunadhani, alikuwa jikoni, maana chakula kile kuna mtu alikipika.