Taruma na Mwenzake

Lamu husifiwa kwa milango yake ya nakshi, na sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo, mimi nauweka juu zaidi ufundi wa mataruma, yaani mbavu za vyombo vya baharini vinavyoundwa kijijini Matondoni, ambao shehena ikishapakiwa hauonekani tena.

Kitazame chombo kabla hakijawekwa sitaha. Kila taruma la kulia lina mwenzake kushoto, yote yakikalia mkuku mmoja. Fundi hutafuta mti uliojipinda wenyewe, mkomafi wa mikokoni kwa mfano, akaukata kwa mpindo wake. Lakini miti miwili haipindi sawasawa. Basi huliweka taruma ubavuni, akachungulia mwanga unapopenya kati yake na ubao, akalitoa, akapitisha tezo palipozidi, akalirudisha. Mchoro hana, ana jicho. Akikosea, chombo kitalalia upande mmoja maisha yake yote. Akipatia, mataruma mawili yatabeba uzito sawa, na kila moja litabaki na nyuzi za mti wake.

Mwili wetu nao umeundwa hivyo. Wanasayansi waliazima kwa Wayunani neno la maradufu, wakajengea istilahi nyingi: diplopia, hali ya kuona kitu kimoja kuwa viwili, diplokoko, bakteria wanaoambatana wawili wawili. Inayonigusa zaidi ni diploidi, yaani seli yenye kromosomu za jozi. Binadamu ana 46: 23 za baba, 23 za mama. Nazo, kama mataruma, zinalingana bila kufanana kabisa.

Pwani tunalijua hilo damuni. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, aliona kwamba jeni ya selimundu imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kuliko nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu ana kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Aliyeirithi kwa wote wawili huugua selimundu. Kinga imo katika kutofautiana kwa zile nakala mbili za jeni.

Walimu wa baiolojia wa Lamu, kabla hamjachora kromosomu ubaoni, wapelekeni wanafunzi Matondoni wakamwone fundi akilinganisha taruma na mwenzake.