Rumba haikimbizwi: neno juu ya madidje na mwendo wa muziki

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya mila za ndoa, methali, ngoma za wazee na majina ya koo. Leo tunaomba ruhusa ya kusema juu ya mtu ambaye wengi hawamuhesabu kati ya watunza mila: didje. Lakini tuulizane: katika feti za ndoa hapa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, nani njo anaamua saa ya wazee kucheza na saa ya vijana? Zamani ilikuwa kazi ya wapiga ngoma, kisha ya orkestra. Leo ni kijana moja nyuma ya ordinatera, na mabafle mbili mbele yake. Kama amerithi kazi ile, basi tuna haki ya kuihukumu sawa vile tunavyohukumu kazi ya mpiga ngoma.

Tunataka kusema juu ya jambo moja tu: namna anavyopita toka wimbo wa mwendo wa pole mpaka wimbo wa mwendo wa mbio. Hapo njo panaonyesha nani ni fundi na nani ni mwenye kubonyeza tu.

Mwendo unapimwa bila shida. Chukua saa, hesabu mapigo ya mguu wako kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Tuseme rumba moja inatoa mapigo 96 kwa dakika, na wimbo unaofuata unatoa 120. Didje anataka kuziunganisha bila kimya kati yao. Afanye nini? Madidje wengi wana jibu moja: kusukuma ya kwanza mpaka ifikie ya pili. Toka 96 mpaka 120 ni kuongeza asilimia 25. Wakati wa sahani, mashine yenyewe ilikuwa inakataza jambo hilo. Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979 na kuenea katika dansi za dunia nzima, iliruhusu kuongeza ao kupunguza asilimia 8 tu. Tena ukiongeza mwendo wa sahani, sauti nayo inapanda: karibu asilimia 6 inatosha kupandisha wimbo nusu toni. Kwa asilimia 25 sauti ingepanda karibu nusu toni nne, na mwimbaji mwenye ndevu angeimba kama mtoto wa kilasi cha kwanza. Kwa hiyo didje wa sahani alilazimika kupanga nyimbo zake ngazi kwa ngazi, akitafuta katika sanduku wimbo wa katikati wa kumvusha.

Ordinatera imeondoa kizuizi hicho. Leo kuna kifungo cha kushika sauti pahali pake hata mwendo ukiongezeka. Ni kitu kizuri, hatukatai. Lakini uhuru umezaa uvivu. Tumesikia mikisi nyingi ambamo rumba inavutwa na kukazwa mpaka gitare zinapoteza mlio wao: nyuzi zinatetemeka, matoazi yanakuwa kama mchanga katika sahani, na mwimbaji hana tena nafasi ya kupumua kati ya maneno. Mtu anayecheza na bibi yake anajikuta anatembea haraka sawa mtu aliyechelewa treni. Sauti haikupanda, ndiyo. Lakini wimbo umekufa.

Kuko shida ingine ambayo vijana hawaijui kwa sababu wamezoea muziki uliotungwa na mashine. Muziki wa mashine hauchoki: ukianza na 120, unamaliza na 120. Nyimbo zetu za zamani zilipigwa na watu, bila mashine ya kuwahesabia. Mpiga batri akifurahi, mwendo unapanda kidogo. Mwimbaji akirudi, unashuka. Ordinatera inapima mwanzo wa wimbo na kuchora mistari yake sawasawa mpaka mwisho, lakini wimbo hauifuati. Tufanye hesabu: nyimbo mbili zikichezwa pamoja, moja kwa 120 na ingine kwa 122, baada ya sekunde 15 zimeachana nusu pigo, na baada ya sekunde 30 pigo nzima. Nusu pigo inatosha kuvunja dansi. Njo ile makelele tunayosikia kati ya nyimbo mbili, sawa viatu vingi vinavyoshuka ngazi kwa pamoja. Didje anaangalia mistari kwenye ekra, inamwambia kila kitu kiko sawa. Masikio yangemwambia kinyume.

Kosa linakuwa kubwa zaidi kwa gitare kavu ya Katanga. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, alipiga Masanga na gitare moja tu, gumba likibeba sauti nzito na kidole kikibeba wimbo. Mwendo uko ndani ya mkono wake. Ukitia ngoma ya mashine chini ya mkono kama huo, huumpi nguvu, unamfunga kamba.

Sasa tufike kwenye kiini cha neno letu. Tunaamini kama shida ya kupita toka pole mpaka mbio haikuanza na didje. Rumba yenyewe iliijibu zamani. Kila mtu hapa anajua kama wimbo wetu una miguu mbili: kwanza maneno, yenye kuimbwa pole, kisha sebene, gitare zinapochukua usukani na watu wanasimama. Zaïko Langa Langa, waliozaliwa Kinshasa mwishoni mwa 1969, waliacha vyombo vya kupuliza na kuipa batri na gitare nguvu yote. Toka hapo sebene ikakuwa moto kweli. Kisha miaka ya 1980 wakaja maatalaku na maneno yao ya kuita dansi.

Lakini msikilizaji akitumia ile saa yetu, atastaajabu. Katika nyimbo nyingi, wakati wa kuingia sebene, mapigo ya mguu hayaongezeki sana. Kinachoongezeka ni kazi ndani ya kila pigo: batri inajaza nafasi zilizokuwa tupu, gitare ya solo inarudia neno fupi, atalaku anaita. Sisi tunasema « muziki imekimbia », kumbe imejaa. Tena haiingii kwa kushtukiza. Mpiga batri anatangaza kwa fimbo zake, mwimbaji anamaliza neno lake, gitare inabisha hodi. Mzee ana wakati wa kurudi kwenye kiti kama miguu imechoka, ao wa kukaza mshipi kama anataka kubakia. Hiyo ni adabu, na njo mila tunayotaka kulinda.

Didje asiyejua hiyo anaangukia kosa la pili: kukata maneno na kuweka sebene tu. Anachukua sebene ya wimbo huu, anaitia juu ya sebene ya wimbo ule, na saa nzima inapita bila mtu kusikia neno moja la shauri. Chukua Mario ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985. Ni hadisi ya kijana anayelishwa na mama mwenye mali na kumtesa. Ukitupa maneno na kubakisha mwisho, umebakisha mifupa ya kuku na kutupa nyama. Mwezi wa 12 mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika mirizi ya utamaduni wa wanadamu, kwa maombi ya Kongo zote mbili. Tulifurahi. Lakini hakuna karatasi itakayofundisha kijana rumba kama katika feti zote anasikia nusu yake tu.

Tuwe wa haki hata hivyo. Madidje hawakuanza peke yao. Wanamuziki wa kizazi cha ndombolo, miaka ya 1990, walitoa wenyewe zile « zenerike » ambamo sebene inakula wimbo karibu wote. Tena kule Marekani, mwaka 1973, DJ Kool Herc alitumia sahani mbili ili kurefusha kipande ambacho ngoma inabakia peke yake, na toka hapo ikazaliwa hip-hop. Kukata na kurefusha kunaweza kuzaa sanaa. Na didje analipwa ili watu wacheze; ukumbi ukibakia mtupu, mwenye feti hatamshukuru kwa sababu alitunza mila. Yote hayo ni kweli. Ila Herc alikata kwa sababu alisikiliza watu wanasimama wapi. Wengi wetu wanakata kwa sababu hawajui wimbo unaendelea namna gani.

Basi wale wanaojua wanafanya nini? Tumeona njia tatu.

Kwanza, wanaacha rumba ifike kwenye sebene yake mwenyewe, na wanapita toka sebene mpaka wimbo unaofuata. Mlima umeshapandwa na wanamuziki. Didje anavuka tu kwenye kilele.

Pili, wanatumia hesabu pahali pa nguvu. Wimbo wa mapigo 64 na wimbo wa 128 ni ndugu: pigo moja la pole linabeba mawili ya mbio. Vilevile ngoma zetu zinazogawa pigo katika tatu: mapigo 80 kwa dakika yanatoa vipigo vidogo 240, na ukivihesabu viwili viwili unapata 120. Wapiga ngoma wa vijiji wanajua mlango huo bila kusoma hesabu. Mkono moja unapiga mbili, mwingine tatu.

Tatu, mlango ukikosekana, hawalazimishi. Wanangoja mwimbaji amalize neno, wanashusha sauti, wanaacha mwangwi ao kimya kidogo, kisha wanaanza upya wazi wazi. Kimya si aibu. Msimulizi anayetoka hadisi moja mpaka ingine anapumua pia, na hakuna anayemwambia ameharibu.

Kwa maoni yetu, mikisi inayoficha kila mpaka kwa kusukuma nyimbo zote katika mwendo moja ni dhaifu, hata kama haina kosa moja la mashine. Ni sawa mwalimu anayesoma shairi, hesabu na barua ya msiba kwa sauti moja. Kazi ya kubadilisha mwendo ni kuambia watu: sasa ni zamu ya hawa, jitayarisheni. Katika ukumbi ambamo kuko nyanya wa miaka 70 na mjukuu wa 17, neno hilo lina maana. Likisemwa vizuri, wote wawili watacheza usiku moja katika feti moja. Likisemwa vibaya, nyanya ataomba arudishwe nyumbani mbele ya chakula, na mjukuu hatajua alichokosa.