Kongole kwa wasimamizi wa dozi

Kifua kikuu hutibiwa kwa miezi 6, na kazi ngumu huanza mgonjwa akishapata nafuu: kikohozi kimekata, shamba la migomba linamwita, vidonge vinasahaulika. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wasimamizi wa dozi wa Ngara na Biharamulo, Tanzania. Mara nyingi ni mke, kaka au jirani tu, anayesimama na kikombe cha maji mpaka vidonge vimezwe, kisha anatia alama kwenye kadi. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, yeye ndiye wa kumtuliza mwenzake: ni dawa ya rifampisini hiyo, si damu. Mpango wa taifa wa kifua kikuu ulioanza mwaka 1977, ukaigwa na mataifa mengine, ungebaki makaratasi bila watu hawa. Nawe msomaji, ukikohoa wiki 2, nenda zahanati. Dawa ni bure.