Kunguru Nyuma ya Benchi

Mpwa wangu aliwaruka kunguru.

Rimoti ilikuwa mkononi mwake, na The Birds ilikuwa imefika pale Tippi Hedren anapokaa kwenye benchi nje ya shule ya Bodega Bay, akingoja kipindi kiishe. Anawasha sigara. Ndani ya darasa watoto wanaimba wimbo usiokwisha, ubeti juu ya ubeti. Nyuma ya benchi kuna vyuma vya watoto kuchezea, na kunguru mmoja anatua juu yake. Mpwa wangu aliona mwanamke amekaa tu, anavuta sigara, hasemi kitu. Akabonyeza. Sekunde kumi mbele, kumi tena, kumi nyingine. Picha ilipotulia, vyuma vyote vilikuwa vimefunikwa na kunguru.

“Mjomba,” akauliza, “hawa wametoka wapi ghafla?”

Niliichukua rimoti nikairudisha filamu nyuma, lakini maji yalikwisha kumwagika. Alijua tayari kwamba watakuja. Hawezi tena kuwasubiri kwa namna ile niliyowasubiri mimi.

Ukiitazama sehemu hiyo bila kuruka, utaona jinsi ilivyoshonwa. Anatua kunguru mmoja. Tunarudi kwa mwanamke. Wanatua wengine, wachache bado, unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kisha Alfred Hitchcock anafanya jambo la jeuri: anaacha kabisa kutuonyesha vyuma vile. Anabaki na uso wa Hedren peke yake, muda mrefu kuliko adabu ya sinema inavyoruhusu, naye anavuta sigara yake na watoto wanaendelea kuimba. Mtazamaji anataka kumshika bega amgeuze. Mwisho Hedren anamwona kunguru mmoja angani, anamfuata kwa macho, ndege anapita juu yake na kushuka, na anakotua hakuna tena nafasi tupu. Kati ya kunguru wale wachache na lile kundi zima hatukuonyeshwa hata unyoya. Kundi tumelijaza wenyewe kichwani, tukiwa tumekaa kwenye makochi yetu. Na muziki wa kututisha haupo: filamu nzima haina muziki wa kusindikiza, kuna sauti za ndege tu, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa ala ya umeme ya Oskar Sala kule Berlin. (Nasema haya nikiwa mtoto wa Dar es Salaam, ambako kunguru ni mwizi wa samaki jikoni na hakuna anayemwogopa. Hitchcock alinifanya nimwogope kwa siku mbili tatu.)

Diski ile ni moja ya zilizomo katika sanduku nililoletewa na binamu yangu kutoka Marekani, lilipotoka mwaka 2005. Filamu 14, kuanzia Saboteur ya 1942 hadi Family Plot ya 1976, na sanduku lenyewe limevishwa mahameli kama kasha la vito. Diski za kule hufungwa kwa alama ya kuzizuia zisichezwe kwingine duniani, ila deki za Kichina za Kariakoo hazikuwahi kujali mipaka ya namna hiyo. Wakati huo mtaani kwetu diski moja ilikuwa inabeba filamu ishirini, jalada limechapwa kwa wino unaobaki vidoleni, na kila filamu imebanwa mpaka nyuso za watu zinageuka matofali. Kwa hiyo kufungua sanduku lenye diski moja kwa filamu moja kulikuwa kama kukuta nyumba ambayo kila mtu ana chumba chake.

Lakini Hitchcock nilikuwa nimekutana naye kabla, bila kumjua jina.

Ilikuwa kwenye banda la video Temeke, miaka ya tisini, mabenchi ya mbao na mapazia ya gunia. Mwenye banda alikuwa ameishiwa mikanda ya ngumi, akaweka mkanda uliorekodiwa kutoka kwenye televisheni, picha nyeusi na nyeupe, na watu wakaguna kabla haujaanza. Banda lilikuwa na sheria moja ambayo hata watoto wa chekechea waliijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini atatoka. Basi tukamtafuta steringi wetu, tukampata: Janet Leigh, mwanamke aliyekwapua dola 40,000 za tajiri na kutoroka nazo kwa gari. Tulimpenda papo hapo. Mvua ikamnyeshea, akashindwa kuona njia, akaingia kwenye nyumba ya wageni isiyo na wageni. Akaamua kurudisha hela. Akaingia kuoga.

Filamu haijafikisha saa moja, steringi amekufa bafuni.

Nakumbuka ukimya wa banda lile kuliko ninavyokumbuka kelele zake zote. Kisha kaka mmoja aliyekaa mbele akasimama na kudai hela yake, akisema mkanda umeunganishwa na filamu nyingine. Wengine wakamuunga mkono. Mwenye banda hakujibu, maana naye alikuwa anatazama. Kwenye kioo, kijana mwenye nyumba ya wageni alikuwa anapiga deki bafu la watu, taratibu, kona kwa kona, kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Akaufunga mwili kwenye pazia la bafu, akautia kwenye buti la gari, akalisukuma gari kwenye kinamasi. Gari likaanza kuzama. Likazama nusu. Likasimama.

Yule kaka alikuwa bado amesimama na mkono wake wa kudai hela uko hewani. Hakuna aliyevuta pumzi. Gari lilipotikisika na kuendelea kuzama, banda zima likashusha pumzi kwa pamoja, hata yeye, akakaa. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani, nimefika karibu na kisima, ndipo nilipojiuliza: kwani tulikuwa upande wa nani? Tumetoka kumlilia mwanamke, na baada ya dakika chache tunaomba gari lake lizame haraka ili kijana yule asikamatwe.

Nilipokuja kulipata sanduku, Psycho ya 1960, filamu ile ile ya bandani, ndiyo diski niliyoifungua kwanza. Nikasoma, nikauliza, nikajua mengine. Kwamba zile sekunde 45 hivi za bafuni zilikula siku saba za kupiga picha. Damu ni sharubati ya chokoleti, na sauti ya kisu ni kisu kinachodungwa kwenye tikiti. Hitchcock alitaka bafuni pawe kimya, bila muziki. Bernard Herrmann akaenda akaandika wake kwa ala za nyuzi tupu, akamsikilizisha, na mkubwa akakiri kwamba alikuwa amekosea. Fundi wa kweli hulikubali shauri jema hata likitoka kwa mtu aliyemkatalia.

Na tena yupo Alma. Husimuliwa kwamba filamu ilipokuwa imekamilika, wote wameiona na kuiona tena, mkewe Hitchcock, Alma Reville, alisema haiwezi kutoka hivyo: marehemu amevuta pumzi. Janet Leigh amelala sakafuni, jicho wazi, amekufa, na kwa sehemu ya sekunde mwili wake umefanya lile ambalo miili hufanya. Hakuna mwingine aliyeona. Ikabidi wakate. Alma alizaliwa siku moja tu baada ya mumewe, Agosti 1899, na alikuwa amekwisha kuzoea kukata na kuunga filamu kabla mume huyo hajaingia kwenye kazi hiyo. Nikitazama filamu za siku hizi za majumbani, ambapo kivuli cha kipaza sauti kinapita ukutani na glasi ya juisi inajaa na kupungua yenyewe kati ya maneno mawili, humfikiria mwanamke yule kwenye chumba cha giza, anatazama marehemu kama anapumua.

Shuleni tulifundishwa neno taharuki kama jibu la mtihani: mbinu ya kumfanya msomaji atake kujua litakalofuata. Nilipata alama zangu, sikulielewa. Hitchcock alilifafanua kwa mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962, kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wawili wanazungumza mambo ya kawaida. Bomu likilipuka bila taarifa, mtazamaji ameshtuka kidogo, basi. Lakini akionyeshwa bomu mapema, mazungumzo yale yale ya kipuuzi yanakuwa mateso, kwa kuwa yeye anajua na wale mezani hawajui. Kwa hiyo kutaka kujua litakalofuata ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kulijua tayari na kushindwa kusema.

Kuna filamu moja ndani ya sanduku ambayo watu huipita: Frenzy, ya 1972. Hitchcock alikuwa mzee, amerudi London kwao baada ya miaka mingi ya Marekani, na amepiga filamu Covent Garden, kwenye soko la mboga na matunda. Baba yake alikuwa muuza mboga. Muuaji wa filamu hii naye ni mfanyabiashara wa matunda, mchangamfu, anapendwa na kila mtu. Anampandisha msichana ghorofani, anafungua mlango, anamwambia maneno ambayo sisi tumekwisha kuyasikia akimwambia mwanamke aliyemuua kabla, na mlango unafungwa. Kamera haiingii. Inarudi nyuma. Inashuka ngazi kinyumenyume, kimya, inakata kona, inapita ushoroba, inatoka mlango wa nje. Mtu anapita na gunia begani, na kelele za soko zinafumuka: mikokoteni, wachuuzi, magari. Kamera inasimama ng’ambo ya barabara ikitazama dirisha la juu. Watu wanapita na karoti zao. Hata angepiga kelele, nani angemsikia?

Hakuna damu hapo. Ngazini hakuna hata mtu. Ni ngazi tu na mlango, na sijaona kitu cha kutisha kuliko hicho. Miaka miwili baadaye, 1974, soko lenyewe lilihamishwa kutoka Covent Garden, kwa hiyo zile kelele na yale magunia yamebaki humo ndani ya diski, yamehifadhiwa na mtoto wa muuza mboga.

Siwezi kumsifu fundi huyu nikafumba macho. Kwa ile sehemu ya darini katika The Birds, Hedren aliambiwa watatumia ndege wa bandia. Alipofika akakuta ndege hai, akarushiwa siku baada ya siku mpaka akajeruhiwa karibu na jicho na daktari akaamuru apumzishwe. Yeye mwenyewe ameeleza hayo, na ameeleza alivyosumbuliwa na mwajiri wake nje ya kamera pia. Siku hizi nikifika hapo sitazami ufundi. Namtazama yeye.

Na sanduku lenyewe lina mapengo. Notorious haimo, wala Suspicion, wala Rebecca. Hizo ni mali ya kampuni nyingine, na wenye mali hawali sahani moja. (Hadithi ya Rebecca mama yangu aliijua kabla yangu, kupitia filamu ya Kihindi ya Kohraa ya 1964, na mpaka leo anasisitiza kwamba Waheeda Rehman aliogopa vizuri zaidi.) Filamu za Uingereza za miaka ya thelathini ziliuzwa popote kwa bei ya chungwa, zimenakiliwa kutoka nakala ya nakala, sauti kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Vertigo na Rear Window, pamoja na nyingine tatu, haki zake zilikuwa mkononi mwa Hitchcock mwenyewe, akazifungia, na kwa miaka kama kumi karibu hakuna aliyeweza kuziona mpaka zilipoachiwa tena 1983 na 1984, yeye akiwa amekwisha kufariki. Filamu yake ya pili, The Mountain Eagle ya 1926, imepotea kabisa. Zimebaki picha chache za mnato. Kwa hiyo ninaposhika kasha hili la mahameli, najua nimeshika kilichosalia.

Deki yangu inazeeka. Diski za mwisho mwisho inazisoma kwa kusitasita, inavuma, inafikiri. Niliipeleka kwa fundi wa mtaani. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga.

“Mzee, lenzi zake haziji tena,” akasema. “Nikuwekee hizo filamu zote kwenye flashi, dakika tano tu.”

Nilimshukuru nikaondoka na deki yangu kwapani.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja tena. Nikaweka Family Plot, filamu ya mwisho aliyoifanya Hitchcock, si bora kati ya zake, na hata picha yake humu sandukuni ina ukungu. Mwisho wake naupenda. Barbara Harris, mwanamke anayejifanya kuongea na mizimu, anapanda ngazi kama aliyepagawa na kuonyesha almasi ilikofichwa kwenye taa ya dari. Kisha anakaa kwenye ngazi, anatugeukia sisi tuliokaa sebuleni, na anatukonyeza. Hiyo ndiyo picha ya mwisho kabisa ya fundi yule baada ya miaka hamsini ya kazi.

Mpwa wangu hakulijua hilo. Sikuwa nimemwambia.

Almasi ikapatikana. Barbara Harris akakaa. Deki ikavuma, ikasita, picha ikaganda.

“Imekwama, Mjomba. Niruke?” Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nilimwambia asubiri. Kwenye kioo yule mwanamke amekaa kwenye ngazi, anatutazama, macho yote mawili yako wazi.