Kosa la Descartes katika Migongano

Mwaka 1644 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alitoa kitabu chake cha Kilatini, Principia Philosophiae, chenye kanuni saba za migongano ya vitu. Ya nne yasema kwamba kitu kidogo, hata kiende kasi namna gani, hakiwezi kukisogeza kikubwa kilichotulia. Kitarudi tu kilikotoka. Mtoto yeyote achezaye gololi ajua sivyo. Descartes alijikinga kwa kusema kwamba vitu vya duniani vimezungukwa na vingine, hivyo kanuni hazipimiki kwa urahisi. Kinga dhaifu hiyo, kwa maoni yetu.

Kosa lililo zito zaidi limo katika kipimo chenyewe. Alizidisha ukubwa wa kitu kwa kasi yake, akasahau upande kinakoelekea. Natuchukue vigari viwili vya kilo 2, kila kimoja kikienda mita 3 kwa sekunde, vikabiliane, vigongane na kunasana. Kwa hesabu yake palikuwa na 12. Sasa vigari vimesimama. Hizo 12 zimekwenda wapi? Christiaan Huygens, Mholanzi, alijibu mwaka 1669: mwendo wa upande mmoja na utolewe katika ule wa upande wa pili. Basi 6 toa 6 ni sifuri, kabla ya mgongano na baada yake.

Kwa hiyo haturidhiki na mwalimu anayefasiri momenta kuwa "nguvu ya mwendo". Nguvu ni jambo jingine, na maneno hayo hayataji upande.