Hasara Kama Somo: Suala la Mali katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi ni miongoni mwa tungo za kale zinazorejelewa sana katika ufundishaji wa ushairi wa Kiswahili. Mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliishi katika mwambao wa kaskazini mwa Kenya katika karne ya 18 na mapema karne ya 19. Anamwonyesha msomaji magofu ya Pate, mji uliotajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi kisha ukafifia. Mara nyingi dhamira ya utungo huu hufupishwa kwa sentensi moja: mali ni ubatili. Makala haya yanashikilia kwamba ufupisho huo unaupunja utungo na kupotosha mtazamo wa Kiislamu unaoubeba. Anachokilaumu mtunzi hasa ni moyo unaoiona hasara na usijifunze.

Mali na hasara katika Uislamu

Uislamu haukatazi utajiri. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifanya biashara kabla ya kupewa utume, na Bi. Khadija, mkewe, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali. Zaka, iliyo nguzo ya dini, hutolewa na aliye nacho: asilimia 2.5 ya akiba iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka. Sura ya Baqara inaagiza deni la muda liandikwe na liwe na mashahidi. Dini inayoratibu mambo haya haiichukii mali. Inaiona kuwa amana na mtihani. Sura hiyo hiyo inautaja upungufu wa mali miongoni mwa mitihani ya waja, na kuwapa bishara njema wanaosubiri.

Visa viwili vya Kurani vinatufaa hapa. Katika Sura ya Kahf, mwenye bustani mbili alijigamba kwamba mali yake haitaangamia. Ilipoangamia, alibaki akipinduapindua viganja kwa majuto. Huyu alijifunza kutokana na hasara yake mwenyewe. Katika Sura ya Qasas, Karuni alididimizwa ardhini pamoja na nyumba yake. Waliokuwa wakimwonea kijicho jana waliamka wakiwa na fikra mpya. Hawa walijifunza kutokana na hasara ya mwingine, na hawakupoteza chochote. Al-Inkishafi imejengwa juu ya njia hii ya pili.

Moyo usiotaka kusoma

Nafsineni anauhutubia moyo wake. Anautajia matajiri waliong'aa kama jua na nyumba zilizonawiri kwa taa za bilauri na shaba hata usiku ukawa kama mchana, na kuta zilizopambwa kwa vyombo teule vya kauri. Kisha taswira inageuka. Vidaka vya vyombo sasa ni malazi ya makinda ya ndege, popo wananing'inia juu, bundi wanakoroma ndani, na viwanja vya nyumba vimekuwa mwitu. Mabwana wenyewe wamelala kaburini.

Tuzingatie uzuri wa beti za mwanzo wa sehemu hii. Mtunzi anayeidharau mali asingeisawiri kwa mapenzi kiasi hicho. Anachowakosoa matajiri hao ni kiburi. Hawatuhumu kwamba walichuma kwa haramu. Kadiri nyumba inavyopendeza ndivyo kimya kinavyouma, na hapo ndipo usambamba wa taswira hizi unapofanya kazi yake.

Ushahidi mkubwa zaidi ni ubeti ambamo nafsineni anauambia moyo kwamba, ikiwa hausadiki, uende ukajionee. Uingie nyumba zile na kuita. Hautajibiwa ila na mwangwi. Huu ni mwaliko wa uchunguzi. Gofu linakuwa kitabu, na moyo ni mwanafunzi mkaidi. Hata jazanda ya dunia kama bahari yenye mawimbi na matumbawe, ambayo anayeisafiria huishia kupata hasara, imetoka katika maisha ya mji wa mabaharia na wachuuzi. Neno 'hasara' lina uzito wa pande mbili: ni la dukani, na pia ni la Sura ya Asr, inayosema kwamba binadamu yumo hasarani ila wenye imani, matendo mema, na kuusiana haki na subira.

Upungufu wa somo

Hata hivyo, utungo una mipaka yake. Pate haikuanguka kwa sababu watu hufa; watu hufa kila mahali. Iliumizwa na migogoro ya kiutawala na vita na majirani, vikiwemo vita vya Shela vya karibu mwaka 1812, ambapo Lamu iliishinda Pate na washirika wake wa Mombasa. Mtunzi hayaingii haya. Sauti za watumwa na watumishi nazo zinatajwa kama sehemu tu ya shangwe ya majumba. Hatuelezwi wao walipoteza nini, au walinyang'anywa nini kabla ya hapo. Hasara imesomwa kama funzo la roho ya mtu mmoja, si la jamii.

Darasani

Mwalimu asiwaachie wanafunzi hitimisho kwamba umaskini ni fadhila. Mtoto ambaye duka la babake limefilisika hafaidiki kuambiwa kwamba mali haikuwa na maana. Anajua ilikuwa karo yake. Badala yake, waulizwe: ni nini kinachosifiwa kabla ya kuombolezwa? Ni nani anayetakiwa kujifunza, na kwa nini anakataa? Ni sababu gani za hasara ambazo mtunzi amezinyamazia? Mwanafunzi atakayeyajibu maswali haya kwa kurejelea beti atakuwa ameuhakiki utungo. Na atakuwa amefanya kile ambacho moyo wa nafsineni ulikataa kukifanya: kuingia katika nyumba iliyoporomoka na kuuliza maswali.